Wameniombea Kifafa Ambacho Sina

Mpendwa mshauri Bi. Eucabeth,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili kuna mtu atafungiwa stoo kwa majuma mawili na mimi ndiye niliyepewa ufunguo.

Niite Nyamusi. Nina miaka arobaini na miwili, tunakaa upande wa Nyacheki, tunalima chai na ndizi, nina mume na binti mmoja, Sharon, aliye kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kanisani mimi ni shemasi, ndiye ninayefua vitambaa vya meza ya Bwana na kuvipiga pasi. Nakutajia haya ya kanisa mapema ili ujue kwamba nikianguka, ninaanguka kutoka juu. Kanisani kwetu, sisi tunaoshika Sabato, hata haya majani ya chai tunayoyachuma kutwa wapo wasioyanywa, wanasema yanasisimua mwili, sasa nifikirie mimi, ambaye kwa miaka sita nilikunywa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku ya Mungu kutoka kwenye chupa ya maji niliyoificha chini ya majani kikapuni, nikitafuna peremende mpaka ulimi ukachubuka, na siku za Sabato nilikunywa kidogo tu, kama dawa, ili mikono isitetemeke nikishika sahani ya mkate.

Ilianza nilipokuwa nikimuuguza mama yangu mzazi kule Nyamira. Aliugua miezi kumi na minne, nikawa silali kwa sababu ya kumgeuza kitandani, na jirani mmoja, si kwa ubaya, akaniletea kikombe kidogo akasema hii ni ya kulalia tu. Nikalala. Kesho yake nikaomba tena. Mama alipofariki nilikuwa tayari nahitaji kikombe cha kulalia na kingine cha kuamkia, na siku ya mazishi, mshauri, hapa ndipo moyo wangu unapokwama, siku ya mazishi ya mama yangu siikumbuki. Nakumbuka mwavuli wa manjano na udongo mwekundu kwenye viatu vya mtu, basi, na sijui kama nililia au nilikaa kama jiwe, sijui kama nilitupa udongo, na kwa miaka yote hii nimeogopa kumuuliza mtu kwa sababu anayeuliza alilia au hakulia siku ya kumzika mama yake, huyo tayari amejieleza.

Mume wangu Osoro ni naibu wa mwalimu mkuu na ni mzee wa kanisa. Alijua. Aliponigombeza nikamtoroka nikaenda kunywea kwa watu, akaona aibu itakuwa kubwa zaidi, basi mwishowe akawa yeye mwenyewe anashuka Kilgoris mahali asipojulikana, ananinunulia chupa, anazileta ndani ya mfuko wa madaftari ya wanafunzi. Hakuwahi kusema neno akiziweka mezani. Nilimsikia tu akivua viatu.

Niliacha mwezi wa Novemba. Nilikuwa sokoni Nyamache, mama mmoja ambaye mtoto wake anasoma na Sharon akanishika mkono kwa furaha, akasema, "Mama Sharon! Kumbe umerudi kutoka Saudia!" Nikamuuliza Saudia gani. Akasema, "Si Sharon alituambia uko Saudia unafanya kazi, ndiyo sababu huonekani siku ya wazazi?" Nikacheka, nikamwambia ndiyo, nimerudi. Nilitembea kwa miguu kutoka Nyamache mpaka nyumbani, na chupa iliyokuwa kikapuni nikaimwaga kwenye shina la mgomba, sikumwambia mtu, nikasema imekwisha.

Siku ya kwanza nilitokwa na jasho nikatapika. Siku ya pili nilisikia redio ikiimba na redio ilikuwa imezimwa. Siku ya tatu nikajikaza nikapeleka majani kwenye kituo cha kupimia, nikaona ile mizani inayoning'inia inabembea polepole, na majani ndani ya kikapu changu yakaanza kutambaa kama panzi wa kijani, wakaruka wote mara moja, wazuri ajabu, na sikuona kingine. Waliokuwepo wanasema nilianguka nikatetemeka mwili mzima, povu na damu mdomoni. Niliamka hospitalini ulimi umekatika kando. Nilikaa wodini siku kumi na moja, nikachomwa sindano za vitamini, nikapewa vidonge vya kutuliza mwili wakivipunguza siku baada ya siku, na muuguzi mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, pombe ya miaka haiachwi ghafla hivi bila daktari. Ungekuwa umejifungia nyumbani, sasa hivi watu wako wangekuwa wanatafuta mbao za jeneza."

Osoro aliwaambia watu ni kifafa. Aliwaambia nililazwa usiku mmoja tu, kisha nikapelekwa kwa kaka yangu Nyamira kuombewa siku kumi. Nami niliporudi nikaikuta hadithi imeshajengwa na kuezekwa, nikaingia ndani nikakaa. Kanisa zima liliniombea kifafa ambacho sina. Mpaka leo akina mama hawaniachi karibu na moto. Nikisogea jikoni mtu ananivuta kiti nyuma, "Pole pole, Mama Sharon, usije ukaanguka ndani ya sufuria," na wananipenda, mshauri, wananipenda kweli, na kila wanaponivuta kile kiti naona kama ninaiba kitu.

Sasa ni miezi minane sijaonja. Mikono ilitulia wiki ya nne, nikatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, nikautunga na kuutungua mara nyingi kama mtoto anayecheza. Ladha ilirudi polepole. Siku moja nilikula ndizi mbivu nikalazimika kukaa chini, nilikuwa nimesahau kwamba ndizi ina harufu kabla haijawa tamu. Natamani sukari kama mjamzito. Nyayo zinawaka kama nimekanyaga upupu. Na kichwa, mshauri, kichwa bado kiko kwenye ukungu, sio ukungu mbaya, ni kama huu wa asubuhi unaolala juu ya chai ukaona vichwa vya wachumaji tu vikielea, nasimama mstarini mkono umeshika chipukizi nikasahau kama nachuma au nimemaliza, na rangi zote zimekuwa kali mno, kijani kinanitia machozi bila sababu, na jina la kitu kama ungo linanipotea nusu saa.

Halafu kuna ndoto. Huku kwetu mvua ni ya alasiri, naisikia ikianza mbali kwenye mabati ya watu, inakuja nyumba kwa nyumba kama mgeni anayebisha hodi, na ikifika kwangu macho yameshafumba. Nikilala namkuta mama yangu amekaa mlangoni anamenya ndizi, maganda yanaanguka bila sauti, ananyoosha mkono ananipa kikombe bila kuniangalia, nakunywa, na ni ile ile, tena ni tamu, tamu kuliko ilivyowahi kuwa, na nikimaliza ananiuliza, "Nyamusi, siku ile ulikuwa wapi?" Naamka ladha iko mdomoni kabisa. Nanusa viganja vyangu. Nainuka nachungulia chini ya kitanda, nyuma ya debe la mahindi, natafuta chupa ambayo sikuinunua, na nikikosa sijui kama nimefurahi au nimesikitika. Hii ni karibu kila wiki. Je, mtu aliyepona hunywa ndotoni? Ama sijapona, nimepumzika tu?

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni Emily. Emily ni mke wa Bosire, mdogo wake Osoro, boma letu ni moja. Ana miaka ishirini na tisa na watoto wawili, na yeye hanywi kwa siri, anakunywa kila mtu anaona, ameshaokotwa njiani mara mbili. Jumapili iliyopita mama mkwe wetu, Bitutu, alituita wote. Akasema wameamua: Jumapili hii Emily ataingia kwenye stoo ya mahindi, atafungiwa majuma mawili kwa maombi, atapewa uji na maji, na mlango hautafunguliwa hata apige kelele namna gani, kwa sababu pombe ikitoka lazima ipige kelele. Halafu akaangalia huku na huku. "Ufunguo hatashika Bosire, atamhurumia. Atashika mtu wa kuaminika." Akauweka kwenye kiganja changu.

Nilijaribu. Nikasema, "Mama, si tungempeleka hospitali kwanza?"

Akasema, "Hospitali ni ya wagonjwa. Wewe uliombewa siku kumi ukapona. Na huyu ataombewa apone."

Osoro alikuwa anaangalia sakafu. Emily mwenyewe alikubali. Tulipokutana chemchemini aliniambia, "Nifungieni tu, Mama Sharon. Nimechoka. Asubuhi siwezi hata kumfunga mtoto vifungo vya shati mpaka nionje." Akaninyooshea mikono nione. Mshauri, ile mikono ilikuwa yangu.

Nilimwambia Osoro kwamba nataka kusema ukweli. Alikuwa anasahihisha madaftari barazani, akaweka kalamu chini taratibu. "Ukisema ulikuwa unakunywa, watauliza nani alikuwa ananunua. Mimi nitasimama wapi, Nyamusi? Kanisani nitasimama wapi? Darasani?" Nikamwambia Emily anaweza kufa. Akasema, "Emily ni kijana. Ana damu ya moto." Kisha akafunika uso kwa madaftari ya watoto akalia, mwanamume mzima, na mimi nikamshika kichwa, na tangu siku hiyo hatujalizungumza tena.

Nifanye nini? Nikisema, nitamwangusha mume aliyenibeba miaka sita, na Sharon atasikia shuleni. Nikinyamaza nitageuza ule ufunguo kwa mkono wangu. Niko kama mtu aliye ndani ya maji, nawaona wote wakisema juu huko lakini sauti hazinifikii vizuri. Tafadhali nijibu. Leo ni Jumatano.

Nyamusi, Nyacheki

*

Bi. Eucabeth anajibu:

Nyamusi, barua yako niliifungua Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika tano nilikuwa nimeshapiga ile nambari uliyoiweka chini ya barua. Unakumbuka ulivyoniambia? "Nilidhani utanijibu gazetini." Gazetini! Emily afungiwe Jumapili, mimi nijibu wiki tatu baadaye, usome huku umevaa nguo za matanga? Umenipa ruhusa kuchapisha haya, majina na vijiji tumevibadilisha, basi niache nikugombeze mbele ya watu kidogo, kisha nitakusifu mbele ya watu hao hao.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, mingine kwetu ufuoni mwa ziwa, mingi hapa mjini Kisii. Nimewaona waliofungiwa. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka aonje, mwili wake umeshajengwa juu ya pombe. Ukiiondoa ghafla nyumba inaanguka, na huanguka siku ya pili, ya tatu, hata ya tano. Kifafa, kuona vitu ambavyo havipo, moyo kwenda mbio, kifo. Wewe hukuhitaji mshauri akwambie haya. Ulikatwa ulimi nayo. Ulikuwa unajua kuliko mtu yeyote katika lile boma, na ufunguo ulikuwa wako, halafu ukachukua simu ukaniandikia habari za ukungu. Ukungu wako ni mzuri, dada yangu, nimeusoma mara mbili. Lakini kuna wakati wa kuandika na wakati wa kuvaa viatu.

Pole. Najua pia kwa nini hukuvaa. Mtu aliyeacha pombe miezi minane ni kama aliyetoka kwenye plasta: mguu ni wake, lakini hauamini.

Nilikuambia mambo mawili kwenye simu. La kwanza lilikushtua: Emily asinyang'anywe chupa na mtu yeyote kabla hajafika mikononi mwa daktari. La pili: huhitaji kuliambia kanisa. Huna deni la ushuhuda kwa mtu. Waambie wawili tu wanaohusika, mama mkwe na Emily, tena leo kabla jua la Ijumaa halijatua, maana najua mkishaingia Sabato nyinyi hamtaki makelele. Nikasikia kuku, nikasikia mtu akipasua kuni, nikadhani umekata simu. Kisha ukasema, "Nimesikia."

Na ulienda. Wasomaji hawajui, basi niwaambie ulivyonisimulia. Ulimkuta Bitutu jikoni anaambua maharagwe ya Sabato. Ulisimama mlangoni kwa sababu ulijua ukikaa hutasema. Ukasema yote: kikapu, chupa, Kilgoris, siku kumi na moja za wodi. Yule mama hakuinua macho, vidole vyake viliendelea kuambua, na ulipomaliza akasema, "Nilijua si kifafa. Kifafa hakinuki, mwanangu."

Alijua! Miaka yote ile alijua na akakusitiri kwa namna yake. Alichokuwa hajui ni zile siku kumi na moja za hospitali. Osoro alimwambia ni maombi ya Nyamira, yeye akaamini, akaenda akahesabu: siku kumi ndani ya nyumba, maombi, mtu katoka mzima. Akasema, "Kama wewe ulipona kwa siku kumi, nikasema huyu ambaye amezidi tumpe kumi na nne." Ile stoo ya Emily, Nyamusi, haikutoka kichwani mwa mama katili. Ilitoka kwenye uongo wenu. Bibi wa watu alikuwa anaiga tiba ambayo haikuwahi kutokea. Ndiyo maana mimi husema siri ya ugonjwa si siri ya mtu mmoja; kuna jirani anayejitibu kwa hadithi yako.

Ulipomweleza sindano, vidonge, maneno ya yule muuguzi, aliacha maharagwe. Akauliza, "Angekufa mle ndani? Na mimi nikiomba nje?" Ukamwambia ndiyo. Akajifunga leso akaenda kumtafuta Bosire, nawe ukaenda kumweleza Emily. Sabato asubuhi, badala ya kanisani, mlikuwa wanne kwenye benchi la hospitali, na Bitutu aliwaambia watu waliouliza njiani kwamba kuponya siku ya Sabato kuliruhusiwa zamani sana.

Emily alizidiwa siku ya tatu. Aliona mbuzi wakitembea juu ya dari, akang'oa mpira wa dripu, akatetemeka. Lakini dawa zilikuwa kwenye mkebe na wauguzi walikuwa hatua tano kutoka kitandani, na kilichokuwa kiwe msiba kikawa mchana mgumu tu. Alitoka baada ya siku tisa. Sitadanganya wasomaji: wiki iliyofuata alikunywa tena siku moja. Alikuja kwako mwenyewe akakwambia, mkarudi kliniki pamoja, akaendelea na dawa. Hivyo ndivyo kuacha kulivyo. Anayeteleza na kurudi kliniki siku hiyo hiyo bado yuko safarini.

Sasa wewe. Uliniuliza kama mtu aliyepona hunywa ndotoni. Hunywa, tena sana. Pombe imekaa kwenye ubongo wako miaka sita, haitoki kama mpangaji mwenye adabu. Hurudi kuchungulia dirishani. Ndoto ya kunywa si dhambi na si kurudi nyuma. Ukiamka na ladha mdomoni, usitafute chupa chini ya kitanda. Kunywa maji, osha uso, toka nje, na sema kwa sauti leo ni siku gani na hujanywa. Kisha mwambie mtu. Ndoto isiyosemwa hunenepa.

Ukungu wa kichwa huondoka taratibu, wengine mwaka, wengine zaidi, na majina ya vitu hurudi moja moja. Zile nyayo zinazowaka zinataka daktari. Mwambie wazi historia yako, akuangalie vitamini, sukari na ini, na usimeze dawa za maumivu kiholela. Kula asubuhi kabla ya kwenda kuchuma: uji wa wimbi, yai, na mboga za kienyeji, saga na managu, jioni bila kuchoka. Ile hamu ya sukari itapungua. Ndizi mbivu ni bora kuliko peremende, na nadhani peremende umezila za kutosha. Lala saa zile zile kila siku. Ukitetemeka tena au ukianguka, ni hospitali, usingoje mkutano wa familia.

Kuhusu mazishi ya mama yako, nilikuamuru, sikukuomba, umpigie kaka yako Zachariah. Ukampigia. Ukaniandikia jibu lake kwa ujumbe mfupi, nami nauweka hapa kama ulivyo: "Anasema nililia nikamshinda kila mtu. Anasema nilikuwa nimelewa na kila mtu aliona, na niliimba wimbo aliopenda mama mpaka mwisho bila kukosea neno, na watu wakaimba nami." Sasa unayo, yote mawili, ulevi na wimbo. Usichague moja utupe lingine.

Sharon. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu wa sokoni. Usimgombeze kwa Saudia. Mtoto alikutafutia kazi nzuri alivyoweza. Siku ya wazazi ijayo nenda, kaa mstari wa mbele, na akiamua kuwaambia wenzake umerudi, umerudi.

Nimalizie na mume. Niliandaa maneno makali kwa Osoro, nilikuwa nimeyanoa. Jumatatu iliyopita mlango wa ofisi yangu ulibishwa, akaingia mwanamume mwenye koti la kazi na mfuko wa madaftari, akabaki amesimama. Akasema hajazungumza na mke wake tangu siri ilipofika kwa mama yake na hajui aanzie wapi. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikinunua," akaanza kueleza bei, basi, duka, njia ya nyuma, kila safari, kama anayekiri kosa lake mahakamani. Sikumkatiza. Maneno niliyoyanoa niliyarudisha alani. Nyamusi, yule naye alikuwa na ugonjwa wake miaka sita, na hakuna aliyemchoma sindano hata moja. Ameshamwandikia mchungaji kwamba atapumzika uzee wa kanisa mpaka mwaka uishe. Sababu hakuitaja, na hiyo ni haki yake.

Basi nisikilizeni nyote wawili. Alhamisi saa nne asubuhi njooni ofisini kwangu pamoja, si mmoja mmoja. Yeye ataanza, wewe utasikiliza bila kumshika kichwa; kisha utasema wewe, na yeye hatafunika uso. Kuleni kabla ya kuja. Emily akitaka kufuatana nanyi, mleteni, viti vipo.

Na wewe msomaji ambaye nyumbani kwako kuna mtu anayetetemeka asubuhi mpaka aonje: usimfungie, usimfunge kamba, usimwage pombe yake kwa hasira. Mshike mkono, mpeleke kwa daktari leo, na ukiulizwa anaumwa nini, taja jina la ugonjwa wake.